Usipunguzage, Uchorage Upya: Miaka Thelathini na Moja ya Mzee Apolinary Kwangu

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi usiokatika, Mzee Apolinary Kwangu, Mchoraji Mkuu wa Chuo cha Ufundi Mwambao, anastaafu leo Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025. Tarehe hiyo nimeiweka kwenye jalada la ratiba hii kwa herufi nene, nyeusi juu ya nyeupe, ili mwenyewe asipate la kusema. Atapata tu.

Ninayeandika ni Chrispin Nathanieli, msaidizi wake kwa miaka tisa katika chumba cha uchoraji hapa kampasi ya Musoma. Kamati ya sherehe iliniomba wasifu wa kuchangamsha, wenye sifa na vichekesho, usizidi kurasa chache. Sifa zipo. Vichekesho navyo vipo, ila vingine havitamchekesha kila aliyekaa meza kuu.

Mzee Apolinary ni mtoto wa Bukima. Ujanani aliandika majina kwenye mitumbwi ya wavuvi na bei kwenye kuta za maduka, kwa brashi na kopo la rangi. Chuo kilimwajiri Machi 1994 aandike namba za madarasa, na kazi yake ya kwanza kabisa ilikuwa kibao cha choo cha wageni. Kibao hicho kipo mpaka leo, kinasomeka kutoka getini, na katika miaka yote hiyo hakijampoteza mgeni hata mmoja. Si kila ofisi ya chuo hiki inaweza kujisifu hivyo.

Kompyuta zilipokuja mwaka 2007 wengi tulidhani, au walidhani, maana mimi nilikuwa bado shule, kwamba mzee wa brashi atafungashiwa virago. Badala yake alijifunza kimyakimya, kwa kidole kimoja, na chuo kilipofungua tovuti yeye ndiye aliyekabidhiwa vibango. Kwa faida ya wageni wetu, kibango ni lile tangazo jembamba linalokaa juu ya ukurasa wa tovuti. Upana wake ni vitone mia tatu na ishirini, vile vinukta vinavyojenga picha kwenye kioo, na kimo chake hamsini. Ukikifungua kwenye simu, kimo hicho hakizidi ukucha wa kidole gumba.

Ndani ya ukucha huo, viongozi wetu kwa nyakati mbalimbali wametaka iingie nembo ya chuo, kaulimbiu, picha ya Mkuu wa Chuo akiwa na joho, nembo za wafadhili wanne, namba tatu za simu, mstari wa Biblia na maneno Karibuni Nyote. Mzee Apolinary aliwasikiliza wote kwa heshima. Aliandika kila walichosema kwenye daftari lake, akashukuru, akarudi chumbani na kutengeneza kibango chenye maneno manne. Akiulizwa yalikokwenda mengine, jibu lake lilikuwa moja kila mwaka: "Pale mtu anapitaga tu, hakaagi."

Matokeo yake ni kwamba wakuu wa chuo watatu wamepita hapa, na hakuna hata mmoja aliyeuona uso wake kwenye kibango cha Mzee Apolinary. Wawili walimsamehe.

Kwa namna alivyofanya kazi, mtu angeweza kudhani analipwa ili achelewe. Hakukubali kuchora kitu kikubwa halafu akifinye. Alianza na kipimo kilekile kidogo, akachagua herufi nene zisizo na mikia, rangi mbili tu, bila kivuli wala mapambo, kisha akaisogeza kila herufi mpaka miguu yake ikakaa juu ya vitone vizima. Alisema mguu ukikaa nusu huku nusu kule, kompyuta inakosa la kufanya inapaka kijivu, na hicho kijivu ndicho tunachokiita ukungu. Mwisho alihifadhi kazi kwa aina ya faili inayotunza kingo za herufi, maana ile ya picha za harusi huacha vumbi kuzunguka kila neno. Nilipofika mwaka 2016 na stashahada yangu kutoka Mwanza, nilimwona ni mtu anayepepeta mchele punje moja moja.

Halafu alikuwa na mtihani wake. Kibango kikiisha, alikifungua kwenye simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka, akatoka nayo getini saa sita mchana, jua likiwa utosini, akamsomesha Mama Dorah anayeuza sato na furu. Sharti lilikuwa Mama Dorah asome huku anapara samaki. Mwenyewe alinieleza mara moja: "Mimi nikishaachaga kisu ili nisome, ajue arudi akatengeneze." Nimemwona Mzee Apolinary akirudi kutoka getini mara sita kwa siku moja, kwa ajili ya neno Usaili. Tuliokuwa ofisini tulicheka mpaka tukaficha nyuso nyuma ya kompyuta.

Ubishi wake haukuishia kazini. Kwenye harusi alisoma bango la ukumbini kabla ya kusalimia wakwe. Mkewe, Mama Susana, aliacha kumtumia orodha ya vitu vya sokoni kwa picha, kwa sababu orodha ilirudi imesahihishwa na vitunguu havikurudi. Mwaka 2018 chuo kilimpa cheti cha utumishi mrefu. Alikigeuza kwenye mwanga, akasema herufi zina ukungu, akakirudisha kwa adabu zote ili kichapwe upya. Miaka saba imepita na cheti bado kinachapwa.

Sasa niseme la faili. Waasisi wa chuo hiki, watu wa mifugo, waliacha desturi ambayo wote tunaijua. Mtumishi akistaafu bila barua hata moja ya onyo, anapewa mtamba kutoka shamba la chuo kule Butiama, na mtamba huyo anavalishwa kibao shingoni chenye jina la mstaafu. Tunamwita mtamba wa faili safi. Mwenye barua ya onyo anapewa saa ya ukutani. Mzee Apolinary amelisubiri jambo hili miaka thelathini na moja. Zizi alishalijenga Bukima, la miti mibichi iliyokwisha kuchipua majani, na ng'ombe ndani hamna.

Mwezi Mei, Dafroza wa masjala alifungua faili lake kuandaa sherehe hii. Lilikuwa na barua moja ya onyo, ya Septemba 2021. Ndiyo maana mkitazama meza ya zawadi leo mtaona boksi bapa lenye saa. Chini ya mishale ya saa hiyo imeandikwa kaulimbiu ya chuo, na ninampa soda yeyote atakayeweza kuisoma.

Barua ile ilikujaje? Hapa inabidi nieleze utaratibu wetu wa idhini, ambao nadhani haupo popote duniani. Tangazo lolote, kabla halijatoka, hupelekwa kwenye grupu la WhatsApp la menejimenti ili liidhinishwe. Kila kitu kinachopita huko kinafinywa ili kisafiri haraka. Kiongozi mmoja anakipakua, anakipeleka kwa mwenzake asiye kwenye grupu, mwenzake anakirudisha, kinafinywa tena. Wakishaweka vidole gumba vya kutosha, ile picha iliyorudi inaitwa Nakala Iliyoidhinishwa, na kwa mujibu wa waraka wa mwaka 2019, hiyo ndiyo lazima ipandishwe kwenye tovuti. Nakala ya asili, ile safi, ni kosa kuitumia, kwa kuwa haijaidhinishwa. Mzee Apolinary alikuwa anatii waraka kwa kuipeleka kazi kwenye grupu, kisha anapandisha ya asili, na hakuna aliyewahi kugundua. Waligundua tu kwamba vibango vyake vinasomeka.

Agosti 2021 aliandaa kibango cha maombi ya kujiunga na chuo, mwisho tarehe 3 Septemba. Kabla ya kukipandisha alipata msiba wa shemeji yake, akaondoka kwenda Bukima. Aliniachia faili na maagizo ya sentensi moja, kwamba nikipandishe kilivyo, nisikiguse. Mkuu wa Chuo, Madam Judith, ndiyo kwanza alikuwa ameingia ofisini, na aliandika kwenye grupu kwamba kibango kimepwaya, hakina kaulimbiu wala picha.

Nikaona hapa ndipo pa kung'arisha nyota yangu. Tulikuwa na bango kubwa la futi nane kwa nne, lile linaloning'inia kampasi ya Kabasa pale Bunda, lenye kila kitu, joho na nembo na mstari wa Biblia. Nililichukua lote nikalipunguza mpaka likawa kibango. Kwenye kompyuta yangu nilikuwa nimelikuza, kwa hiyo nililiona zuri sana. Nikalituma kwenye grupu. Vidole gumba kumi na moja. Madam Judith aliandika kwamba hii ndiyo kazi. Nikaipakua Nakala Iliyoidhinishwa, imeshafinywa mara mbili, nikaipandisha, nikaenda kula ugali kwa sato bila wasiwasi wowote. Kwa Mama Dorah sikwenda. Namba 3 kwenye kibango kile ilikuwa na kimo cha vitone vitano, na ukungu ukiingia kwenye vitone vitano, 3 na 8 ni mtu na pacha wake.

Tarehe 8 Septemba, asubuhi, walikuwapo vijana arobaini na mmoja getini. Wengi walitoka Bunda na vijiji vya mwambao. Mmoja alikuwa Rhobi, binti kutoka Buhemba, ambaye mama yake anaponda mawe ya dhahabu. Alikuja na bahasha ya vyeti akitaka kusomea umeme, na alikuwa amepigia hesabu siku ile, siyo nyingine, kwa sababu mama yake alishamwambia kwamba akikosa mwaka huu ataingia naye kwenye mawe. Mlinzi aliwaambia wamechelewa siku tano. Ofisini nako likatoka jibu kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nilikuwa dirishani, nikaona na nikasikia.

Mzee Apolinary alishuka kwenye boda kutoka msibani saa nne, kichwa kimenyolewa. Aliomba simu ya Rhobi, akaitazama, akainua macho mpaka dirishani kwangu. Alikusanya simu saba za wale vijana kwenye kofia yake akaingia nazo moja kwa moja kwenye chumba ambamo bodi ya chuo ilikuwa inakaa siku hiyo. Aliomba radhi kwa kuingia bila miadi, akaweka simu moja mbele ya kila mjumbe, akawaomba kila mmoja aandike kwenye karatasi tarehe anayoiona, bila kuchungulia ya jirani.

Karatasi hizo ninazo. Wajumbe watatu waliandika 8. Wawili waliandika 3. Mmoja, mhasibu mstaafu, aliandika 6 na akaipigia mstari. Mwenyekiti aliomba miwani, akaletewa, akaomba nyingine, na mwisho karatasi yake ilirudi nyeupe. Kikao kikaazimia kwamba maombi yapokelewe kwa wiki moja zaidi. Vijana wote arobaini na mmoja waliingia kwenye usaili, na Rhobi alichaguliwa. Taa za ukumbi huu mlimokaa amezifunga yeye, na ndizo taa pekee za chuo ambazo sijawahi kuona zikipepesa.

Baada ya azimio hilo bodi ilitaka mtu wa kubeba lawama. Nilikuwa nimeitwa, nimesimama nyuma kabisa, kalamu mkononi. Madam Judith aliuliza kibango kimetengenezwa na nani. Vidole gumba kumi na moja, vingine vikiwa vya watu waliokuwa ndani ya chumba kile, havikukumbuka lolote. Mzee Apolinary alisema: "Chumba ni changu." Ni hayo tu. Nami nikauchuna. Sikukohoa hata kikohozi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi niliuona mwepesi kweli siku ile, kwa kuwa haukuwa begani kwangu.

Barua ya onyo ilitoka mchana uleule, na hiyo kwa hakika haikupitia kwenye grupu, maana ilikuwa inasomeka vizuri. Aliikunja mara nne akaiweka mfuko wa shati. Alipofika chumbani alikaa, akafungua kompyuta, akaanza kuchora kibango kingine chenye tarehe mpya, na bila kunigeukia aliniambia sentensi mbili, sauti ya kawaida kabisa: "Usipunguzage. Uchorage upya." Nilitamani anitukane. Hakunitukana mwaka ule wala mwaka uliofuata. Alinivutia kiti karibu na chake akanifundisha herufi moja baada ya nyingine, na aliponituma kwa Mama Dorah mara ya kwanza nilirudishwa mara tisa, nikihesabiwa kwa sauti na wauza ndizi.

Hiyo ndiyo habari ya barua. Wiki tatu zilizopita, Dafroza aliponionyesha faili, niliandika maelezo yangu kurasa mbili, nikatia sahihi, nikayapeleka kwa Madam Judith. Nilisema kosa ni langu, barua itolewe kwenye faili la Mzee Apolinary iwekwe kwenye langu, na apewe mtamba wake. Nilijua ninachokiweka mezani, kwa sababu kesho tarehe mosi Julai mimi ndiye niliyetajwa kukalia kiti chake. Madam Judith alipokea kwa upole, akaniambia jambo la namna hiyo linahitaji idhini, niyapige picha niyatume kwenye grupu.

Nikayapiga picha. Kurasa mbili za mwandiko wangu, picha moja, zikafinywa inavyotakiwa. Vilikuja vidole gumba kumi na vinne, na mjumbe mmoja aliandika Hongera sana. Nikamwuliza Dafroza sasa inakuwaje, akasema maelezo yameidhinishwa, ila hakuna anayeweza kusema yameidhinisha nini, kwa hiyo barua inakaa palepale. Wiki moja baadaye saa ikanunuliwa.

Naomba kamati isimtafute aliyeruhusu wasifu huu uchapwe. Waliuruhusu wao wenyewe. Niliupeleka kwenye grupu Jumatano, kurasa zote kwenye picha moja, na uliidhinishwa kwa dakika nne. Nilichofanya ni kumpa mchapaji nakala ya asili, kama nilivyofundishwa na mkuu wangu wa kazi.

Mzee Apolinary, mpaka hapa nimekutania kwa sababu nimeombwa na kwa sababu unastahili. Wewe ni mbishi, unachelewesha kazi, na umewanyima wakuu watatu furaha ya kuona majoho yao. Lakini miaka minne nimekaa pembeni yako nikijua kilichomo kwenye faili lako, na kila asubuhi ulinisalimia wewe kwanza. Nimeona aibu kila siku. Leo naisema mbele ya Mama Susana na watoto wako, na mbele ya Rhobi, ambaye mpaka dakika hii hakumjua mtu aliyemfungia geti.

Aya hii na inayofuata hazikupita kwenye grupu, nimempelekea mchapaji leo asubuhi. Mkisikia mlio nyuma ya ukumbi wakati wa sala, si simu ya mtu. Jumamosi nilikwenda nyumbani kwetu Butiama, nikamwomba baba mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji. Baba aliuliza ni wa posa ya nani. Nilipomweleza, akaniambia nirudishe yule niliyekuwa nimemshika, niondoke na yule mwingine, mkubwa zaidi. Amefungwa kwenye mti karibu na tangi la maji. Chuo hakijachangia hata kamba.

Kibao chake cha shingoni kina ukubwa wa kiberiti. Nilikuwa na jina lako tayari kwenye kompyuta, lile kubwa la bango la leo, na kulipunguza kungenichukua dakika moja. Nililichora upya, kwa brashi, usiku mbili, maneno mawili tu, nyeusi juu ya nyeupe. Asubuhi ya leo nilimpitisha mtamba getini. Mama Dorah alisoma Apolinary Kwangu bila kuacha kisu, akaendelea na samaki wake.

Asante kwa kazi, na asante kwa kubeba kisichokuwa chako. Nenda Bukima salama, zizi lisikae tupu tena, na maisha yako ya kustaafu yawe na maneno machache na nafasi ya kutosha. Saa ya ukutani tuachie sisi, tutaining'iniza kwenye chumba cha mikutano.